Nilisinzia mfereji uko wazi

Madaftari 47 ya darasa la tano yananing'inia kwenye kamba yangu ya nguo, yamebanwa kwa vibanio, kati ya kanga mbili na sare ya skuli ya binti yangu. Jirani alipopita asubuhi kwenda dukani alisimama, akayatazama, akauliza: "Mwalimu, siku hizi unafua hata hesabu?" Nikacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu Jumamosi, kwa hiyo naandika sasa hivi kabla hasira hazijarudi.

Tunakaa Fuoni, Unguja. Nyumba yetu ni ya kujenga kidogo kidogo, kama za watu wengi huku. Bati lipo, madirisha yapo, plasta ya ukumbini ilifika nusu ya ukuta mwaka 2019 na mpaka leo iko pale pale. Mume wangu anafanya kazi hotelini Nungwi, hurudi Alhamisi jioni na kuondoka Jumamosi alfajiri. Siku nyengine zote nyumba ni yangu mimi, watoto watatu, na mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, mtu wa Wete kule Pemba, aliyehamia kwetu tangu macho yalipoanza kumsumbua.

Maji ya mfereji, nyinyi wa bara mnaita bomba, huku kwetu huja usiku. Si kila usiku, wala hayana saa maalumu. Pengine saa saba, pengine saa tisa, pengine siku mbili zinapita hayajaonekana. Yakija hayana nguvu ya kupanda, kwa hiyo kila mwenye uwezo ana pampu ya kuyavuta, na kila mwenye pampu anamnyang'anya mwenziwe bila kukusudia, na asiyekuwa nayo hubaki na mfereji unaopiga miayo.

Pampu yetu ilikufa Jumamosi. Ilinguruma, ikanuka, ikanyamaza. Nikampigia fundi. "Kesho asubuhi niko kwako, mwalimu." Jumapili asubuhi: "Niko njiani." Jumapili jioni simu inaita haipokelewi. Jumatatu akapokea, akasema walikuwa na msiba Mwera. Mtu huwezi kugombana na msiba. Nikampa pole, nikarudi kwenye ndoo zangu.

Jumatatu hiyo hiyo usiku tukuza ikatuishia. Kwa wasomaji wa bara: tukuza ndivyo tunavyouita huku umeme wa kulipia kabla, ule wa mita ya kuingiza namba, nyinyi mnaita luku. Mita ilikuwa inalia tangu Magharibi. Nikajisemea nitanunua baada ya kula. Baada ya kula nikasema baada ya kumlaza mdogo. Nikamlaza, nikalala naye. Ndani ya friza mlikuwa na barafu 120 za ubuyu na ukwaju ambazo huziuza mlangoni kwa shilingi mia mia, pamoja na kilo mbili za samaki. Asubuhi barafu zilikuwa vifuko vya juisi ya vuguvugu, na samaki nilimpikia karibu wote siku hiyo hiyo kila aliyekuwemo ndani na kila aliyepita nje.

Mwanangu wa kati ndiye aliyegundua kiza, usiku wa manane, akapiga ukelele: "Bibi, tukuza imekwisha!" Mavyaa akajibu kutoka chumbani kwake: "Kutukuza hakuishi, mjukuu wangu. Sema umeme umekwisha." Mzaha huu ameufanya kila mwezi tangu ahamie, na kila mwezi hungoja kidogo ili tucheke. Jumatatu sikucheka. Nilisema moyoni, mama, si leo.

Sasa niseme ya Jumanne.

Niliyangojea maji tangu saa sita na nusu usiku. Kungojea maji ni kazi yenye adabu zake. Mfereji unauacha wazi, mpira unauelekeza ndani ya pipa, halafu unakaa na kusikiliza. Kwanza huja upepo. Mfereji unakoroma, unakohoa mara mbili tatu kama mzee anayetaka kuanza hadithi, unatema matone ya kutu, unanyamaza tena. Aliyezoea hadanganyiki na kikohozi cha kwanza. Nilichukua kigoda nikakaa mlangoni mwa stoo, na madaftari ya wanafunzi nimeyapanga juu ya mkeka mbele yangu, nikawa nasahihisha sehemu. Kila mwaka yupo mtoto ambaye nusu ukijumlisha na robo kwake ni mbili juu ya sita. Mwaka huu wapo kumi na moja.

Saa nane na dakika kumi maji yakaja, membamba kama uzi. Bila pampu, pipa la lita mia mbili kwa uzi ule lingechukua mpaka alfajiri. Nikaendelea na sehemu zangu. Nakumbuka daftari la ishirini na tisa. La thelathini silikumbuki.

Nilichoamshwa nacho ni baridi ya nyayo. Maji yalikuwa yamepata nguvu mahali fulani kati ya saa nane na saa tisa na nusu, kama yanavyofanya watu wengi wakishajaza na kufunga mifereji yao, mpira ukaruka kutoka kwenye pipa ukaanguka sakafuni kama nyoka aliyekanyagwa, na stoo nzima ikawa kidimbwi. Gunia la mchele la kilo 25 lilikuwa limesimama ndani ya maji. Madaftari yalikuwa yanaelea. Sitii chumvi: daftari moja lilikuwa limetoka mlangoni likielekea ukumbini kwa utulivu kabisa, kama ngalawa inayotoka bandarini. Na pipa lenyewe, nililolikalia macho usiku kucha, lilikuwa nusu.

Mavyaa alitokea na tasbihi mkononi. Yeye huamka usiku kusali, halali sana siku hizi. Akasimama pale pakavu, akatazama kwa macho yake yale ya ukungu, akauliza kwa upole:

"Yamekuja?"

"Yamekuja, mama."

"Na wewe?"

"Nilisinzia. Kidogo tu."

Akatikisa kichwa. "Ee mwanangu, ungekuwa husinzii si tungekusujudia?"

Akakunja kanga yake, akachukua tambara la kupigia deki, akainama. Mwanamke wa miaka sabini na kitu. Nikamwambia kaa mama, nitafanya mimi, akawa kama hakunisikia. Tukapiga deki mpaka muadhini akaadhini, tukikamua ndani ya ndoo, na maji ya ndoo nikayamwaga kwenye tangi la chooni, maana huku kwetu hakuna maji machafu, kuna maji ambayo hayajapata kazi.

Maneno yale yameningia na hayajatoka. Si kwamba ni maneno mapya. Ni Ayatul Kursiyyu, aya ya 255 ya Suratul Baqara, niliyoihifadhi nikiwa na miaka sita au saba chuoni, yaani madrasa, kwetu Jambiani, kwenye jamvi, huku mwalimu akitutazama na kifimbo chake. *Laa taakhudhuhu sinatun walaa nawm.* Hakumshiki kusinzia wala kulala. Tumeisoma kila usiku wa maisha yetu. Mama alikuwa anaisoma kabla ya kulala na kupuliza pembe za chumba, na mimi nimewafundisha watoto wangu hivyo hivyo. Nikifikiria vizuri, siku zote nimeichukua aya ile kama komeo: unaitia mlangoni, wezi na mashetani wabaki nje, wewe unageuka upande wa pili na kulala. Sikuwahi hata siku moja kumfikiria aliye macho.

Mwalimu wetu wa chuoni alitufafanulia neno *sina* kwa kitendo. Aliacha kichwa chake kianguke kifuani na kukirudisha ghafla, nasi tukavunjika mbavu, na yeye akatuacha tucheke, jambo lililokuwa nadra. Hiyo ndiyo sina, akasema, ule usingizi wa kuanguka kichwa kabla usingizi wenyewe haujafika. Miaka thelathini na zaidi baadaye nimekaa juu ya kigoda, maji yako kwenye vifundo vya miguu, ndiyo nikaona kwamba aya imeanza na ule mdogo. Ingetosha kusema halali. Mtu asiyelala, tungelielewa jambo. Lakini sote tunajua, hasa sisi wenye kungojea maji, kulea watoto wenye homa, na kukaa na wagonjwa, kwamba madhara hayaji na usingizi mkubwa. Usingizi mkubwa mtu huupangia: unafunga mfereji, unazima jiko, unapanda kitandani. Kinachotuangusha ni kile kichwa kinachodondoka mara moja. Mimi sikulala Jumanne. Wallahi sikulala. Nilisinzia.

Na alfajiri ile nilisali vibaya. Niseme kweli. Nilisimama juu ya msala na miguu bado ina baridi, na katikati nikajikuta nahesabu kilo za mchele: ukiuanika leo, ukageuzwa mara tatu, pengine nusu utapona, uliobaki nitautwanga unga wa vitumbua. Nilipozinduka sikujua niko rakaa ya kwanza au ya pili. Nikaileta sijida ya kusahau, na nikiwa nimeweka paji la uso chini nikawaza: mtu anayesahau hata yuko rakaa ya ngapi, anamwabudu Asiyesahau. Haikunipa huzuni, kinyume chake. Nilihisi kama mtu aliyebeba ndoo mbili kutoka mbali, akatokea wa kumwambia, ziweke chini, hii nyumba haikusimama juu ya kichwa chako.

Sipendi lakini maneno ya faraja ya rahisi. Mara nyingi nimeambiwa "subiri mwalimu, ni mtihani tu" na watu wenye tangi la lita elfu mbili juu ya nyumba. Mwenye tangi huwa na subira nyingi sana ya kugawa. Wala sitaki mtu asome hapa aseme nimesali na Mungu akaniletea maji. Maji yalikuja, na ndiyo yaliyoniharibia mchele! Na jirani yangu wa mtaa wa pili, ambaye dua zake nazisikia mpaka kwangu, hakupata hata tone usiku ule. Ninalosema ni dogo zaidi ya hapo. Yakija maji, mimi ni mwanamke mchangamfu, nawaita watoto majina ya mapenzi. Yasipokuja, hata paka wa nyumba anajificha. Imani yangu mimi nimeipima, inapanda na kushuka kwa lita. Yeye je? Nikiwa mchangamfu, nikiwa na ulimi wa pilipili, Yeye ni yule yule wa saa nane ya usiku na wa saa nane ya mchana. Basi. Hilo tu ndilo lililonipa pumzi.

Nimewahi kulihisi jambo hili mara moja kabla, ingawa sikulijua jina lake. Nimeolewa Novemba 2009, na aliye Unguja anakumbuka kilichofuata Disemba: umeme ulikatika kisiwa kizima, na haukurudi mpaka Machi 2010. Wakati ule sote tulikuwa tunategemea waya mmoja wa zamani unaopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, bara, mpaka Fumba. Mwaka uliotangulia, 2008, tulikaa karibu mwezi mzima kizani, tukadhani tumeshaonja. Kumbe ilikuwa kionjo. Ule waya mpya mkubwa wa megawati 100 ulikuja 2013. Mume wangu mpaka leo huwaambia watu kwamba alikaa miezi mitatu bila kumuona mkewe vizuri usiku, na umeme uliporudi muda wa kurejesha ulikuwa umeshapita.

Tulikuwa tunakaa Jang'ombe, chumba na ukumbi. Mimi biharusi niliyezoea upepo wa pwani, nimewekwa katikati ya mji, kaskazi limekaza, feni limesimama, maji ya kuchota kisimani, mlio wa majenereta ya waliojaaliwa usiku kucha. Nililia sana mwezi ule wa kwanza, na sikumwambia mtu. Lakini palikuwa na jambo. Spika za misikiti zilikuwa hazifanyi kazi. Muadhini wa msikiti wa jirani akawa anatoka nje, anasimama barazani, anaadhini kwa koo lake tupu. Alikuwa mzee mwenye sauti ya kukwaruza, na kwenye spika hatukuwahi kuijua, kwa sababu spika huzifanya sauti zote zikawa moja. Sasa tukamjua. Alfajiri moja nikamsikia akipumua katikati ya maneno mawili. Na nyuma yake, mbali, muadhini mwengine, na mbali zaidi mwengine, koo tupu zote, mji mzima katika kiza. Nakumbuka nimekaa kitandani nikasema: hii haikuwa na waya.

Niliandika hiyo sentensi ndani ya daftari langu wakati ule. Nilikuwa msichana wa maneno makubwa.

Turudi kwa fundi.

Alikuja jana, Jumatano, saa sita na robo mchana, bila kupiga simu, na tabasamu kubwa. Nilikuwa nimemtayarishia maneno tangu Jumapili, nimeyapanga vizuri, mengine kwa mafumbo. Akasema "Mwalimu, nisamehe," akachuchumaa, akaifungua pampu, akamwaga skurubu zote juu ya gazeti. Akachungulia. "Kapasita." Akataka kuendelea, na hapo hapo adhuhuri ikaadhiniwa. Akaweka spana chini. "Nakwenda kusali, nakuja." Akaondoka akaniacha na pampu iliyopasuliwa kama kuku.

Nikasimama pale uani na maneno yangu yote mdomoni. Mtu huyu, niliyemngoja siku nne, aliyekuwa njiani Jumapili nzima, amesikia sauti moja na hakuchelewa hata dakika! Hasira zikapanda. Halafu, sijui kwa nini, zikakatika katikati. Nikaanza kuwahesabu. Muuza mikate wa mtaani kwetu, ambaye boflo lake hulala na kuamka, Magharibi humkuti dukani. Dereva wa gari tunayopanda kwenda skuli, anayengoja mpaka ijae na ikishajaa hungoja tena, Ijumaa saa sita gari yake hupumzika. Mimi mwenyewe, ambaye madaftari haya niliahidi kuyarudisha Jumatatu. Sote tunakoseana miadi, tunadanganyana "niko njiani" na bado hatujavaa viatu, lakini kuna kamba moja tumeishika mkono mmoja mmoja, na haijawahi kulegea upande wa pili. Pengine ndiyo maana tunaweza kuvumiliana huku chini. Sijui. Nilichojua ni kwamba adhuhuri imeingia na mimi nimesimama uani nahesabu dhambi za watu. Nikaingia ndani nikatia udhu kwa kopo moja la maji.

Alirudi saa saba kasorobo. Kapasita shilingi 15,000, na elfu kumi ya kazi. Maneno yangu sikuyatoa, ila fumbo moja dogo, na amelielewa.

Jioni nikampigia mama yangu Jambiani nimlilie. Mama analima mwani. Alianza nao ulipoanzwa kulimwa kwa biashara pwani yetu, mwaka 1989, mimi nikiwa na miaka minne, na nakumbuka nikikaa mchangani huku yeye na wenziwe wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba na kuzitandaza kwenye vigingi. Kwa mwani ule nimesomeshwa. Bei imepanda na kushuka nisivyoweza kusema, wanunuzi wamekuja na kuondoka, na ule mwani wa cottonii wenye pesa nzuri zaidi siku hizi unamkatalia, bahari ikishapata moto unaoza kwenye kamba. Mama hakusoma skuli, hana saa ya mkononi, na hajawahi hata siku moja kufika pwani akakuta maji yamejaa. Anatazama mwezi. Bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji hupwa asubuhi karibu saa nne, na kila siku inayofuata yanasogea mbele, haifiki saa moja kamili, mpaka yakageuka maji mafu na wanawake wakakaa nyumbani kusuka ukindu.

Nikamweleza yote: pampu, tukuza, barafu, mchele, madaftari. Akasikiliza. Nilitaka anionee huruma, kusema kweli. Akasema: "Pole mwanangu. Mimi mwani wangu umeng'olewa na mawimbi, kamba nane." Nane! Kazi ya wiki mbili. Nikauliza, sasa itakuwaje mama? Akaniona kama nimeuliza jambo la ajabu. "Leo maji yametoka saa nne. Kesho yatatoka karibu saa tano. Nitakwenda kufunga upya."

Nikanyamaza. Mama hakusema bahari ina huruma, maana bahari ndiyo iliyoung'oa. Wala hakusema mwani wa kesho utapona. Alisema saa tu. Ana hakika na saa ile kuliko mimi nilivyo na hakika na mshahara wangu, na juu ya hakika ile anajenga siku nzima: atafunika uji saa ngapi, mjukuu atamuacha kwa nani, tonge atakula kabla au baada. Bahari inatembea kweli, lakini inatembea kwa amri, na aliyeiamrisha hajaisahau hata siku moja tangu kabla ya Jambiani kuitwa Jambiani. Nilipoweka simu chini nilijiona kama mimi ndiye niliyesoma kwa mshumaa na yeye ndiye aliyesoma kwa taa.

Wifi yangu aliyeko London aliwahi kulalamika kwamba kule jua lenyewe halina msimamo: Juni anangoja Magharibi mpaka saa tatu usiku na zaidi, Disemba jua limezama hata saa kumi haijafika. Sisi huku, digrii sita tu kusini ya ikweta, Magharibi inacheza cheza hapo hapo mwaka mzima. Nilimwambia, kama mwalimu, jua liko pale pale wifi, dunia ndiyo iliyolala ubavu. Akasema, "Basi na mimi leo nimelala ubavu, niombee." Nimelikumbuka hilo leo mara mbili.

Mchele umepona zaidi ya nilivyotegemea. Mavyaa ameukalia tangu jana, ameutandaza juu ya mkeka kwenye jua, anaupapasa kwa vidole kwa sababu kuona haoni vizuri, anatoa punje zilizovimba. Kila kuku anayesogea anamjua kwa kishindo. Mwanangu wa kati amekaa naye, na mara moja nimewasikia wakisoma pamoja, mtoto akikosea pale pale ninapokosea mimi nikiwa na haraka.

Madaftari ndiyo tabu. Wino umesambaa. Kuna kurasa ambazo siwezi tena kujua kama mtoto aliandika mbili juu ya sita au tatu juu ya nne. Nimeamua wote kumi na moja nitawafundisha upya Jumatatu, na waliopatia wakae wasikilize tena, haitawaua.

Usiku wa jana maji hayakuja kabisa. Pampu nzima, safi, imefungwa, na mfereji haukukohoa hata mara moja. Nilikaa mpaka saa nane, nikaufunga, nikaenda kulala. Nimeisoma aya yangu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikupuliza pembe za chumba kwanza, nilisoma taratibu mpaka pale *sinatun*, nikasimama kidogo, kisha nikamaliza. Nililala mara moja, usingizi wa mtu aliyeachiwa zamu.

Leo ni Alhamisi. Mume wangu yuko kwenye gari kutoka Nungwi, ameandika kwamba amepita Mahonda, kwa hiyo Magharibi tutakuwa naye. Nimemtengea samaki wa Jumatatu aliyebaki, nimempika mchuzi wa nazi asijue yaliyompata. Madaftari ya mstari wa chini yamekauka, ya juu bado.

Na fundi amesahau spana yake juu ya pipa. Nimempigia. Anasema atapita kuichukua kesho asubuhi.